Kuipa VM kadi halisi ya mtandao: kundi moja la IOMMU lina kadi mbili, nifanyeje?

binti_rau (Moshi)

Habari za jioni wakuu.

Nasimamia kompyuta za ofisi inayonunua kahawa hapa Moshi. Seva yetu ni tower ya mitumba: Intel Core i7-6700, RAM GB 32, mazabodi yenye sloti tatu ndefu, na ndani nimeweka Proxmox, mfumo wa kuendesha VM (kompyuta pepe ndani ya seva moja). VM ziko tatu. 101 ni OPNsense, fayawoli ya ofisi nzima. 102 ni Windows ya mhasibu. 103 inarekodi kamera za ghala.

Nataka 101 ishike kadi ya mtandao yenyewe, isipitie kwenye seva. Sababu ni kwamba waya wa intaneti unaingia kwenye mashine ileile yenye hesabu za ofisi na malipo ya wakulima, na sipendi pakiti za nje ziguse keneli (kiini cha mfumo) ya seva kabla hazijafika kwenye fayawoli. Nimepata Intel I350 ya matundu manne. VT-d (IOMMU ya Intel, inayosimamia kadi zinavyofikia RAM) nimeiwasha kwenye BIOS, `intel_iommu=on` nimeiweka, na `dmesg` inaonyesha IOMMU inafanya kazi. Ila nikiwasha VM inagoma, inataka vifaa vyote vya kundi viachwe na seva kwanza:

`vfio 0000:01:00.0: group 1 is not viable`
`Please ensure all devices within the iommu_group are bound to their vfio bus driver.`

Nikaangalia kundi namba 1 lina nini:

`00:01.0 PCI bridge`
`00:01.1 PCI bridge`
`01:00.0 hadi 01:00.3 Intel I350 [8086:1521]`
`02:00.0 LSI SAS2008 [1000:0072]`

Hiyo 02:00.0 ni kadi ya diski. Diski za kamera na nakala rudufu za kila usiku zote zimeshikwa pale, na anayezitumia ni seva yenyewe. Siwezi kuiachia VM yoyote.

Nimesoma mahali watu wanashauri kuongeza `pcie_acs_override=downstream,multifunction` halafu makundi yanatengana. Kwa kazi ya ofisi ni salama?

Swali la pili: programu ya uhasibu haifunguki bila ufunguo wa leseni wa USB kuchomekwa. `lsusb` inauonyesha kama 0529:0001. Na huo nao lazima niipe VM kontrola nzima ya USB?

Natanguliza shukrani.

---

pasua_pc (Moshi)

Dada weka hiyo override, washa upya, kazi imeisha. Mimi nyumbani ninayo, Windows ndani ya VM ina kadi yake ya picha na gemu zinaenda safi kabisa. Makundi yanatengana, VM inawaka, sijawahi kuona tatizo.

---

fundi_kijenge (Arusha)

Binti Rau, usiiweke. Kwa mashine hiyo na kwa VM hiyo, hapana. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana huku Arusha naingia kwenye ofisi za utalii na hoteli nakuta mstari huo umebandikwa kwenye grub (programu ya kuwashia mfumo) na hakuna anayejua unafanya nini.

Kadi ya mtandao haiombi ruhusa kwa prosesa kila inapotaka kuandika kwenye RAM. Inaandika yenyewe moja kwa moja, na hiyo ndiyo DMA. Ukiikabidhi kadi kwa VM, anayeipangia kadi iandike wapi na isome wapi ni mfumo ulio ndani ya VM. Pasipo msimamizi, mtu aliyeivamia OPNsense yako angeweza kuiagiza kadi isome kumbukumbu ya seva nzima, pamoja na ya Windows ya mhasibu. IOMMU ndiyo msimamizi huyo: kila anwani inayotoka kwenye kadi inatafsiriwa na kukaguliwa, na kadi haitoki nje ya RAM ya VM yake.

Sasa angalia IOMMU imekaa wapi. Imekaa juu, upande wa prosesa, na inakagua kile tu kinachoifikia. Ikiwa chini yake kuna njia ya kadi moja kwenda kwa kadi jirani bila kupanda juu, yenyewe haioni kitu. Ni kama wapangaji wa uani wanaopitishiana vitu dirishani: askari wa getini hata awe mkali namna gani, hakuna kilichopita mbele yake. ACS ni uwezo wa bandari ya PCIe kulazimisha kila kitu kipande juu kikakaguliwe kwanza. Bandari isiyo na ACS, keneli inachukulia kwamba njia ya pembeni inawezekana, na vyote vilivyo chini yake inaviweka kundi moja. Prosesa za mezani za Intel kama hiyo i7-6700 hazina ACS kwenye bandari zao za 00:01.x. Ndiyo maana kadi zako mbili zimefungwa pamoja ingawa kila moja ina sloti yake.

Kwa hiyo lile kosa unaloliona ni taarifa ya kweli kuhusu mazabodi yako. Override haiongezi ACS pale ambapo haipo. Inaiambia keneli ihesabu kwamba ipo. Njia za umeme kwenye mazabodi zinabaki zilezile. Override hiyo ni kiraka (nyongeza ya msimbo) alichokiandika Alex Williamson, huyohuyo wa VFIO, utaratibu ulioingia kwenye keneli 3.6 mwaka 2012 na ndio unaotumika mpaka leo kukabidhi vifaa kwa VM. Keneli rasmi haikukipokea kiraka. Kwenye Proxmox unakikuta kwa sababu wao wamekiongeza kwenye keneli yao.

Na hatari si mvamizi peke yake. VM ina hesabu yake ya anwani za RAM, na kadi inapewa anwani za hesabu hiyo. Ikitokea anwani fulani ya RAM ndani ya VM imelingana na anwani ambayo seva imeipangia kadi ya diski, na bandari ikaupitisha ujumbe pembeni, basi data iliyotakiwa kuingia kwenye RAM inaandikwa kwenye rejista za kontrola ya diski. Hakuna aliyekuvamia, hakuna aliyebonyeza kitu, lakini nakala rudufu zinaharibika na kwenye logi huoni chanzo. Kwako jirani wa kadi ya mtandao ni diski za nakala rudufu. Hapo ndipo ninaposema hapana bila kusita.

Pasua_pc, kwa mashine yako ya nyumbani sina ugomvi. VM ni yako, seva ni yako, na ndani ya ile VM hakuna mtu usiyemwamini. VM ya binti Rau ndiyo inayopokea kila kitu kutoka intaneti. Kati ya zote tatu, hiyo ndiyo ya kwanza kushambuliwa.

Tiba yake haina gharama. Chukua kitabu cha mazabodi uangalie sloti ya tatu, ile ya chini. Kwenye mazabodi za namna hiyo sloti mbili za juu hutoka kwenye prosesa, na ya chini, inayoandikwa x4, hutoka kwenye chipuseti. Bandari za chipuseti ya kizazi chako keneli inazifahamu na inajua kuzitenganisha. Hamishia I350 huko. Kadi yenyewe ni ya x4, haipungukiwi chochote. Kadi ya diski iache ilipo.

Kabla ya kufungua kava, weka skrini na kibodi kwenye seva. Kadi ikihama, namba za PCI zinaweza kusogea, na mtandao wa mazabodi uliokuwa ukiitwa, kwa mfano, enp3s0 ukaitwa kitu kingine. Proxmox itawaka vizuri lakini haitapatikana kwenye mtandao mpaka urekebishe `/etc/network/interfaces`. Fanya jioni mhasibu akishaondoka.

Kuhusu ufunguo wa leseni: hapana, kontrola nzima haihitajiki. USB ya kawaida kwenye QEMU, programu inayoendesha VM zako, ni jambo jingine kabisa. VM inaona kontrola ya kuigiza, maombi yake yanapita kwa QEMU, na QEMU inaongea na kifaa kupitia keneli ya seva. Hakuna kifaa kinachopewa DMA kuingia kwenye RAM ya VM, kwa hiyo IOMMU na makundi yake havihusiki. Hii inatosha:

`qm set 102 -usb0 host=0529:0001`

Tumia namba ya kifaa, usitumie namba ya tundu. Ukifunga kwa tundu, chochote kitakachochomekwa pale kinaingia moja kwa moja kwenye Windows ya hesabu, hata flashi ya mtu aliyekuja kuprinti fomu.

---

njiro_mitandao (Arusha)

Maelezo mazuri fundi. Ila mimi ningeuliza kwanza kama kadi inahitaji kukabidhiwa. OPNsense juu ya virtio (kadi ya mtandao ya kuigiza) na brija (swichi ya programu ndani ya seva) inabeba laini ya ofisi bila kutoa jasho. Brija ya upande wa intaneti unaiacha bila IP yoyote upande wa seva, basi. Unabaki na snapshot (nakala ya hali ya VM ya kurudia), unabaki na uhuru wa kuhamisha VM kwenda seva nyingine kesho. Ukikabidhi kadi, VM imefungwa kwenye chuma kile.

---

binti_rau (Moshi)

Ahsanteni sana wakuu. Kaka fundi, shikamoo kwa maelezo.

Nimehamisha kadi. Jina lilibadilika kweli, enp3s0 ikawa enp4s0, nikarekebisha palepale kwa kibodi. Sasa I350 iko 03:00 na kila tundu limepata kundi lake: 03:00.0 kundi 13, .1 kundi 14, .2 kundi 15, .3 kundi 16. Kundi 1 limebaki na bandari zake na kadi ya diski tu. Override sikuigusa. Windows imeuona ufunguo, mhasibu amefungua programu asubuhi bila kujua kuna kilichobadilika.

101 nayo imewaka ikiwa na matundu yote manne, lakini kuna mambo mawili. Moja, zamani 101 ilikuwa inatumia RAM kidogo ya seva na kuongeza kadiri inavyohitaji. Sasa ikiwaka tu inachukua GB 4 zote. Mbili, snapshot yenye RAM inakataa. Na nimesoma hoja ya njiro_mitandao mara mbili, naona ina uzito. Je, nirudi kwenye virtio?

---

fundi_kijenge (Arusha)

Marahaba. Kazi safi, na kila tundu kuwa na kundi lake ni zaidi ya nilivyotegemea kwa sloti ile.

RAM kwanza. Hilo haliepukiki. Kadi inaweza kuandika mahali popote kwenye RAM ya VM wakati wowote, na haimwarifu mtu. Keneli haiwezi tena kuuhamisha ukurasa wa RAM wala kuutupa kwenye diski, kwa sababu kadi ingeandika mahali ambapo sasa pana data ya mwingine. Kwa hiyo RAM yote ya VM inapigwa msumari tangu inapowaka. Kumbuka hilo unapogawa GB 32 zako. Ukiipa 101 GB 4, hesabu kwamba zimekwenda. Ikitosha kwa GB 2, punguza.

Snapshot yenye RAM inakataa kwa sababu hali ya ndani ya kadi haiwezi kuhifadhiwa na kurudishwa. Ondoa alama kwenye RAM, au izime VM kwanza. Kwa fayawoli mimi hutegemea zaidi faili la usanidi la OPNsense, unalipakua kwenye menyu yake ya nakala na ni dogo. Ukiwa nalo, hata mashine ikifa unasimamisha nyingine.

Sasa hoja ya njiro_mitandao. Nakubaliana naye kwa kasi: kwa laini ya ofisi, kasi si sababu ya kukabidhi kadi. Nakubaliana naye pia kwamba upande wa ndani wa ofisi utumie brija. Ila binti Rau alileta sababu nyingine tangu mwanzo na sababu hiyo ni nzuri. Kwenye brija, hata isiyo na IP, pakiti ya nje inapokelewa na draiva ya seva na inapita kwenye keneli ya seva kabla ya kufika kwenye VM. Kosa lolote kwenye njia hiyo ni kosa la mashine yenye vitabu vya hesabu. Kadi ikikabidhiwa, keneli ya seva haizioni pakiti hizo kabisa.

Kwa hiyo ungefanya mchanganyiko. Tundu moja tu, lenye waya wa intaneti, liende kwa 101:

`qm set 101 -hostpci0 0000:03:00.0,pcie=1,rombar=0`

Aina ya mashine iwe q35, la sivyo `pcie=1` itakataa. Upande wa ndani 101 ipate kadi ya virtio kwenye vmbr0, brija ya ndani, ambako 102 na 103 ziko tayari. Hapo VM zako zinaongea na fayawoli ndani kwa ndani bila kutoka kwenye waya na kurudi. Matundu matatu yaliyobaki yabaki kwa seva.

Angalizo moja hapo: usitumie `vfio-pci ids=8086:1521`. Namba hiyo ni ya matundu yote manne, yote yataondoka kwa seva. Funga kwa anwani:

`driverctl set-override 0000:03:00.0 vfio-pci`

Inakumbuka hata baada ya kuzima na kuwasha. Hakikisha pia halitajwi popote kwenye `/etc/network/interfaces`.

---

pasua_pc (Moshi)

Fundi nimekuelewa kuhusu override. Swali langu: IOMMU ikiwa imewashwa na kundi liko safi, hapo ulinzi umekamilika? Maana mimi nina kadi nyingine ambayo VFIO iliikataa mpaka nikaweka `allow_unsafe_interrupts=1`.

---

fundi_kijenge (Arusha)

Pasua, hapo umegusa sehemu ya pili ambayo watu huisahau. Kifaa cha kisasa kinapotaka kumwita prosesa hakina waya maalumu wa kuitia. Kinaandika ujumbe mdogo kwenye anwani fulani, kama kinavyoandika data nyingine yoyote. Maana yake kadi iliyo mikononi mwa VM inaweza kutengeneza miito ya uongo na kuielekeza kwa seva. Mwaka 2011 watafiti Rafal Wojtczuk na Joanna Rutkowska walionyesha jinsi hilo linavyoweza kutumika kuivunja ngome ya VT-d kwenye mashine ambazo hazikaguliwi miito. Dawa ni kuitafsiri na kuikagua miito kama zinavyokaguliwa anwani. VFIO inakataa kufanya kazi pasipo hilo, na parameta uliyoiweka ndiyo inayoilazimisha ikubali. Jina lake lenyewe linasema. Iondoe, halafu tazama:

`dmesg | grep -i remapping`

Ukiona `Enabled IRQ remapping` uko salama upande huo. Usipoiona, angalia BIOS: wakati mwingine VT-d imezimwa nusu, au BIOS ni ya zamani na inahitaji toleo jipya. Kama mashine haina uwezo huo kabisa, isibebe VM usiyoiamini yenye kifaa halisi. Itumie kwa kazi nyingine.

Binti Rau, na wewe uendeshe amri hiyo. i7-6700 ina uwezo huo, ila hakikisha kwa macho.

---

binti_rau (Moshi)

Imeandika `DMAR-IR: Enabled IRQ remapping in x2apic mode`. Nimebaki na tundu moja kwa 101 na virtio upande wa ndani, driverctl nimeweka, nimezima na kuwasha seva, kila kitu kimerudi chenyewe. RAM ya 101 nimeishusha hadi GB 2 na inatosha.

Hiyo `rombar=0` ni ya nini? Niliiandika kama ulivyoiweka ila sikuielewa.

---

fundi_kijenge (Arusha)

Safi sana.

Kadi nyingi zina chipu ndogo ya kuhifadhi programu yake ya ndani, na humo mna kipande ambacho BIOS inaweza kukiendesha seva inapowaka. `rombar=0` inaificha sehemu hiyo isionekane na VM kama ROM. Fayawoli yako haiwaki kupitia mtandao, haina haja nayo.

Lakini usiihesabu kuwa ni kufuli. VM iliyoshika kadi ina rejista zake mkononi, na kuna kadi ambazo kwa rejista hizohizo programu ya ndani inaandikwa upya. Akiingia mtu kwenye 101 na akafanikiwa hilo, kilichoandikwa kinabaki kwenye kadi hata ukifuta VM yote. Kisha seva inawaka, BIOS inaendesha kile kipande, na wakati huo keneli yako haijapata nafasi ya kuiwasha IOMMU. Kwa hiyo ingia BIOS, tafuta Option ROM (ndicho kile kipande) ya sloti hiyo au ya vifaa vya mtandao kwa ujumla, izime. Na ukija kuitoa kadi hiyo kwenye fayawoli baada ya muda, usiihamishie kwenye mashine ya hesabu.

Kadi uliipata wapi, dukani au mitumba? Kama ni mitumba, hilo la BIOS lifanye leo.